Sifuri ya Saham

Bibi aliponiuliza kazini nafanya nini
nikamwambia: nahesabu mavi ya nyati.
Akaweka kikombe chini.
"Nyati gani huyo anayesubiri kuhesabiwa?"
Kwake yeye, mzaliwa wa Chake, nyati ni pembe na vumbi,
ni mtu kupanda mti bila kuuliza ni mti gani.
Kuna wa kufugwa, Bibi. Wanakamwa.
Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka,
hapa Al Khuwair, ghorofa ya tatu,
kiyoyozi kikidondosha matone ndani ya ndoo.

Ofisini nchi zimejipanga juu,
miaka inashuka kushoto tangu sitini na moja,
na katika kila kisanduku mna naitrojeni
ya samadi iliyozolewa, ikarundikwa, ikatunzwa,
kwa maelfu ya tani.
India haienei; kila mara napanua kisanduku.
Pakistani inapanda kama mchukuzi wa ndoo mbili, haitui.
Misri inapanda, kisha inachoka.
Iraki inaporomoka
ile miaka mabwawa ya kusini yalipokaushwa,
halafu inainuka kidogo, kidogo,
maji yaliporudi na wanyama wakayafuata.
Mstari wangu mwekundu hausemi nani aliuza ndama wa mwisho.
Oman: sifuri. Sifuri. Sifuri.
Safu nyeupe kama kanzu ya Ijumaa.

Ila mimi nimemwona Allah Ditta.
Saham, nyuma ya mitende ya Msellem,
kuna banda la mabati na nyati kumi na wanne,
weusi, wamelowa, wanacheua
kana kwamba dunia inawadai na hawana haraka ya kulipa.
Saa saba mchana, mwezi wa saba,
bati linalia kwa jua,
naye anawamwagia maji kwa mpira, mmoja mmoja, kwa jina.
Mkubwa anaitwa Rani.
Mimi nilimwita mara tatu, hakugeuka.

Kiarabu chake kimevunjika, changu kina visiwa ndani yake;
tulikutana katikati.
Akafunua turubai juu ya lundo.
Amonia! Machozi yakanitoka bila msiba.
"Ukiacha wazi," akasema, "nguvu inaruka.
Mtende unabakiwa na takataka."
Mimi hilo nimelisomea miaka minne.
Yeye alifunzwa na mama yake, Punjabi,
aliyebandika mavi ukutani kama mikate
yakauke, yachomwe, yachemshe chai.
Hapo, akakiri, nguvu yote ilikwenda na moshi.
Akafikiri kidogo.
"Lakini chai ilikuwa chai."

Nikapiga hesabu garini, taa za Barka zikianza kuwaka:
kilo mia sita na kitu kwa mwaka, wote kumi na wanne,
Rani na wenzake.
Kwa maelfu ya tani hiyo ni sifuri nukta
sifuri sifuri sifuri sita.
Kompyuta inakata. Haina chuki na mtu.
Nikaomba tanbihi, mstari mmoja tu, chini kabisa.
Mkuu wangu akasema, "Zuwena, jedwali ni jedwali."
Basi nikaandika sifuri.
Sikusema uongo.
Kweli nayo sikuisema.

Gunia alilonipa Allah Ditta lilinuka garini wiki nzima;
mume wangu akawa anapanda teksi.
Bibi ana mchicha roshani, kwenye kopo la rangi,
mchicha uliokuwa umekonda kama uzi wa cherehani.
Sasa majani yake mapana, kiganja cha mvulana,
kijani kile kinachokaribia weusi.
Jana kauchuma, kaupika kwa nazi ya kopo,
akiilaani ile nazi kama kawaida yake.
Akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akanyamaza muda,
jambo ambalo si lake.
Kisha, bila kuniangalia:
"Huyo nyati wako wa sifuri,
muulize kama ana gunia jingine."