Kesi ya Gitaa la Kalenga

Umerudi Jumatatu, Kalenga, na mvua,
gitaa limeviringishwa blanketini kama mtoto mwenye homa.
Ukalilaza juu ya boneti ya gari nisilolimaliza
ukasema: Fundi, umeniziba.
Hukusema umeliziba.
Umeniziba.

Nakumbuka lilivyoingia gerejini kwangu hapa Katuba:
weusi umebanduka pale kiwiko kinapolala,
mulombwa unachungulia, mwekundu kama kidonda cha jana,
alama tatu za sigara za mjomba wako shingoni,
na harufu ya bia ya harusi ambazo mimi na wewe hatukualikwa.
Ulitaka rangi ya shaba
inapomwagika tanuruni, kabla haijajua kuwa ni mali.
Nikakwambia rangi hiyo haikai.
Ukacheka. Ukalipa nusu.

Nilisugua siku tatu. Nikakohoa unga mwekundu.
Mkono wa kwanza, mweupe, wa kushika.
Mikono miwili ya shaba.
Juu yake vanishi ya magari, ile isiyotishwa
na vumbi la njia ya Kasumbalesa wala mavi ya kunguru.

"Nzito mno," unasema. "Mbao haipumui."
Mbao, Kalenga? Mbao iliacha kupumua
siku ulipolia msumeno.

Ungeniletea lile gitaa lenye tumbo wazi, ningekuogopa.
Kule ubao wenyewe ndio koo,
ukiuvika vanishi nene unaimba na shuka mdomoni.
Hili lako ni pande moja, zito kama tofali bichi,
na chini ya nyuzi kuna sumaku
zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
waya wa shaba, ndugu, labda ya hapa hapa,
iliondoka kwa lori ikarudi na jina la kigeni.
Sumaku haina macho.
Inafuata chuma kinavyotetemeka, basi.
Lipake masizi, lipake uji.

Hukuamini. Tukaita shahidi.
Mama Chola akaacha chikanda chake kwenye sinia,
akakaa kwenye tairi, mgongo kwetu, kama mkwe.
Ukapiga. Ukanyamaza. Ukapiga tena.
"La pili," akasema, "la pili ndilo tamu, la kwanza lina mafua."
Gitaa lilikuwa lile lile.
Nilitaka kucheka, umeme ukakatika.

Gizani ukaendelea kupiga bila spika,
sauti ndogo, ya nzi ndani ya kopo,
na hapo ndipo nilipokuona, kwa tochi ya simu:
mkono wako wa kulia ulikuwa unateleza.
Kiwiko kilitafuta lile bonde la mjomba
nililolijaza putty kwa ustadi wangu wote,
kikakosa pa kukaa, na vidole
vikachelewa, kidogo tu, kama mtu
anayeshuka ngazi akidhani imebaki moja.

Halafu nikaona la pili, na hili ni kosa langu, andika:
nilipozirudisha sumaku nilikaza skurubu kupita kiasi.
Zimezama. Ziko mbali na nyuzi
unene wa sarafu mbili.
Sikukwambia. Nikasema ngoja nifute vumbi.
Bisibisi, mizunguko mitatu, nikipiga mluzi.

Umeme ukarudi saa mbili usiku.
Ukagusa uzi mmoja, na Mama Chola,
aliyekuwa anahesabu noti zake kule nje, akageuka.
"Unasikia?" ukaniambia, macho yamelowa.
"Kumbe rangi ilikuwa haijakauka."

Nikasema ndiyo.
Nikasema vanishi ya magari ina tabia hiyo.

Kuhusu kiwiko, piga tu, piga kila Jumamosi,
jasho litakula pale pale, miaka saba, minane,
utaliona bonde linarudi na weupe wangu chini yake.
Rangi hiyo sina kwenye kopo.
Na ile nusu, Kalenga,
ile nusu nyingine, bado.