Mlango wa Ghala

Helve hana shajara. Ana mlango wa ghala
na penseli ya seremala:
Aprili kumi na moja, korongo mmoja, miguu michafu.
Aprili kumi na tatu, wa pili. Wamegombana.

Juu yake, mwandiko wa Kaljo, umeinama kama nyasi:
barafu ya mto Ahja imepasuka,
kalunguyeye kaamka,
mtufaha umechanua mapema, siuamini.
Hakukosea. Usiku baridi ilirudi, ikala maua yote.

Mwaka huu theluji imekawia.
Mbweha kapita uani mchana kweupe,
kachungulia dirishani
kama mgeni aliyeahidiwa chai.

Helve atafuta nafasi. Mbao zimejaa.
Achuchumaa, aandika kule chini,
usawa wa kalunguyeye:

Novemba. Mbweha.
Nimemwambia hupo.