Kikosi cha Buchani

Saa sita redio ilisoma majina thelathini na matatu,
na la Tegid halikuwemo.
Goronwy akaweka kisu chini
taratibu, kama mtu anayevua kofia msibani.

Nje, mvua ya bondeni, ile isiyonyesha wala kuacha.
Ndani, foleni: Bibi Heulwen na kikapu chake,
Macsen wa posta, aliyecheza raga nusu msimu
na kuusimulia kwa miaka arobaini,
na mchungaji, aliyedai kafuata soseji tu.

"Sogeeni," akasema Goronwy,
akaanza kupanga timu juu ya kaunta:
figo, ulimi, figo, mstari wa mbele wa skramu;
mifupa miwili ya paja nyuma yao, mirefu, mizito;
vipande vitatu vya bega;
ini kwa namba kumi, "maana ini ndilo huamua";
mapaja mawili ya kuku, soseji mbili za winga,
moyo wa ng'ombe nyuma kabisa;
na hapo kati, ubavu mmoja wa kondoo,
mdogo, mwembamba, mafuta kidogo pembeni:
namba tisa.
"Huyu ndiye Tegid. Mtoeni, tuone nani atatoa mpira."

Macsen: "Goti lake lina vyuma kuliko baiskeli yangu.
Ana miaka thelathini na mitatu. Mpanda ngazi hushuka."
"Hushuka," akadakia Heulwen, "hasukumwi!"
"Kijana wa Cardiff anapiga teke kwa miguu yote miwili."
"Na kichwa? Anacho hata kimoja?"
Mchungaji akakohoa. Mnyonge mnyongeni, akasema,
lakini kijana aliwafunga Waskoti trai mbili
kwenye mvua, jamani, kwenye mvua.
"Basi semeni tu," akafoka Goronwy,
"semeni jogoo wa shamba hawiki mjini!
Huyu wetu amewika Paris, amewika Dublin,
na nyinyi nyote mliamka!"

Mimi ni wa mizani. Kazi yangu kupima na kunyamaza.
Ningeulizwa, ningesema:
shuleni alivaa tisa, mimi kumi.
Mpira wake ulinifika kifuani kabla sijauomba,
mkavu, hata siku za tope.
Sijui aliufutia wapi.
Ningesema pia kwamba Jumamosi iliyopita nilimwona
akishuka ngazi za klabu kinyumenyume,
kiganja ukutani,
akidhani hakuna macho.
Hayo mawili sijui niyaweke sahani ipi.
Hakuna aliyeniuliza.

Kengele ya mlango ikalia.
Mererid, mama yake, mwavuli ukichuruzika.
Ghafla kila mtu akataka kujua bei ya kuku.

Akaitazama kaunta kutoka figo hadi moyo.
Nyuma ya nyumba yake kamba ya nguo
imebeba jezi tangu mtoto ana miaka sita;
haambiwi nani amesimama wapi.

"Nataka nyama ya Jumamosi," akasema.
"Tegid atakuwa nyumbani. Mwaka wa kumi na moja huu,
sijampikia siku ya mechi."
Kidole kikapita juu ya ulimi, juu ya mabega,
kikasimama.
"Huo hapo. Na mwenzake, kama upo. Nifungie."

Goronwy akanitazama mimi.
Nikaupima. Gramu mia moja na themanini.
Nilitamani sindano isogee kidogo zaidi.

Akalipa, akahesabu chenji,
akasema mvua huenda ikakatika kesho,
akatoka.

Timu ikabaki watu kumi na wanne,
na alama ya damu, nyembamba, pale aliposimama.
Friji ilinguruma. Heulwen alipanga upya kikapu kisicho na kitu.
Kisha Macsen, kwa sauti ya chini,
akaanza kusogeza soseji ya winga ya kushoto:
"Sasa tuseme kijana aanzie hapa..."

"Toa mkono," akasema Goronwy,
"kwenye nyama yangu."