Tundu Tupu

Mimi ndiye niliyemuuzia Wilma Tollefsrud
ile bastola: gramu mia tatu na themanini,
machungwa mawili tu,
na risasi za magnamu za kumtosha dubu.
"Inaenea mkobani," nilisema. Kweli, ilienea.

Tukaenda machimbo ya kokoto, nje ya Havre,
theluji ya Aprili bado imeng'ang'ania vivulini.
Risasi ya kwanza:
baruti isiyowahi kuungua ndani ya mtutu mfupi
ikaungukia nje, usoni petu,
vumbi likaruka, meno yakagongana,
na mpini ukamla ngozi
pale gumba linapoachana na shahada.
Hakulia. Alisema, "Tena."

Ya pili. Ya tatu.
Kopo la maharage halikutikisika.

Nikampa mgongo, nikapakia upya,
tundu moja nikaliacha tupu, kimya kimya.
Nyundo ikaanguka: tk.
Hapakuwa na moto wala kishindo,
lakini mkono ulizama, kope zikafumba,
bega likajikunja kumkwepa
mtu asiyekuwepo.

Upepo ulikuwa ukikokota mfuko wa saruji.
Wilma aliutazama mkono wake
kama barua iliyokosea mlango.
"Nilidhani nimeuacha Spokane," akasema,
na mimi, mwenye duka, mwenye maneno,
nikajifanya nahesabu maganda.

Siku hizi anatumia ya marehemu baba,
chuma kizito, risasi za taratibu.
Makopo yanalia.
Ile nyepesi imerudi kabatini.
Bado sijaiandikia bei.