Beleshi la Skaidrite

Dukani kwa Ilgvars, mjini Liepaja,
mabeleshi yamening'inia kama popo, matundu tele.
"La plastiki, euro kumi na mbili."
Akalikunja gotini, likalia kama mlango. Akalirudisha.
"La alumini basi, jepesi kama mkate."
Skaidrite akavua hereni ya kaharabu, ya kushoto,
akaitumbukiza.
Ikapita, ikabingirika hadi chini ya friji ya soda.

Wakapiga magoti wote wawili, wakapapasa kwa tochi.
"Mchanga wetu ni unga," akasema Ilgvars, shavu sakafuni.
"Tundu likiwa dogo mno, utabeba bahari mgongoni;
likizidi, utapepeta bahati yako mwenyewe."

Mchagua nazi hupata koroma.
Skaidrite hajawahi kuchagua nazi.

Akachukua la chuma cha pua, mpini mrefu,
zito, la kusukumwa kwa buti,
matundu membamba kuliko kaharabu yake.
Akalipa, hakuomba kupunguziwa.

Alfajiri, maji magotini, mashine ikalia.
Akachota, akatikisa. Mchanga ukamwagika wote,
kikabaki kifungo cha bati, cha koti la mtoto.

Akakitazama muda mrefu, mikono ikimtetemeka kwa baridi.
Hakikupita.