Lita Moja, Kilomita Ngapi

Nkwabi, fundi wa Igoma, aliishika ile mpya
kama mtu anavyoshika sato wa kilo nne:
mikono miwili, tumbo likiwaka jua.
"Hii ndani ni wazi," akaniambia,
"moshi haupigi hodi, unatoka.
Pikipiki inapumua. Farasi wawili zaidi ya ulionao."
Nikalipa. Ekzosi ya zamani, na kutu yake na heshima zake,
akaitupa nyuma ya banda, kwenye nyasi.

Siku ile nilishuka Mabatini nikinguruma
hadi mawe ya kilimani yakanijibu.
Kirumba, kijiwe kizima kilisimama.
Nani angekataa kuitwa radi?

Lakini mimi ni mtu wa daftari.
Baba alikuwa karani wa mizani ya pamba kule Magu,
aliniachia kalamu na woga wa kupunjwa.
Kila nikijaza tangi, naandika.
Kabla: lita moja, kilomita arobaini na nne.
Baada: thelathini na tano.
Nikarudia hesabu. Nikabadilisha kituo,
nikamtukana mwenye pampu kimoyomoyo.
Thelathini na tano.

Na kuna mlima wa Bugando.
Mama Ngollo nyuma, na gunia la dagaa wa Mwaloni,
gia ya pili, pale ambapo zamani
injini ilipanda kama punda anayejua kwao.
Sasa inapiga kelele na haivuti.
Nguvu ipo, sikatai, ila imehamia juu,
huko kwenye kasi ya themanini, lami ya Usagara,
ambako sina abiria wala sina haraka.
Na nikiachia mafuta mteremkoni, inapasua: pa! pa-pa!
Nikafungua plagi. Nyeupe, kama mfupa uliolambwa.

Nkwabi akaigeuzageuza juani.
"Hewa nyingi, mafuta machache. Tupanue tundu la kabureta."
Akapanua. Mlima ukalegea kidogo.
Daftari: thelathini na mbili.
"Kelele za chura," akacheka,
"hazimzuii ng'ombe kunywa maji."
Kweli, Nkwabi, hazimzuii.
Huyu wangu zinamwongezea kiu.

Jumatatu moja, kwa hasira tu, nikaziba masikio.
Pamba, ileile aliyoipima baba maisha yake yote,
vidonge viwili chini ya kofia ngumu.
Wiki nzima nikaendesha mji ulio chini ya maji:
Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, bubu zote,
midomo ya wapiga debe ikifunguka kama ya samaki.
Jumapili nikajaza, nikaandika,
nikakaa juu ya jiwe nikiitazama ile namba.
Thelathini na tisa.

Ekzosi ni ileile. Tundu ni lilelile. Mlima haujahama.
Kilichobadilika ni kifundo cha mkono wangu,
ambacho bila ngurumo hakikuona sababu ya kuzungusha.
Zile lita nyingine, kumbe, mnywaji wake ni sikio.

Nikarudi Igoma kuidai ya zamani.
Nyigu walishajenga ndani, udongo mgumu, vyumba sita.
Nkwabi akawabomolea kwa spoku, hakunitazama usoni.
Tundu nalo tukalirudisha.
Arobaini na tatu.
Ile moja iliyopungua sijaitafuta,
nyigu nao wana kodi yao.

Jana asubuhi, Bugando, gia ya pili,
ziwa liko nyuma yetu, jeupe, halijaamka,
nikasikia mtu anaongea mgongoni.
"Hapa hapa, kwenye bomba la maji."
Nikasimama.
"Ee, leo umesikia!" Mama Ngollo akashuka,
akavuta gunia lake, akafunga kanga upya.
"Miezi mitatu nakwambia hapa,
wewe unanipitisha mpaka juu,
nami narudi chini na dagaa kichwani."

Nauli sikuchukua.
Kwenye daftari nimeiandika upande wa mafuta.