Kucheka, Kopeki Tano

Walitugawia glavu nyeupe, sote kumi na wanne,
walimu wa historia kutoka Zgierz, Pabianice, Łęczyca,
na mmoja, Bogumiła, aliyekuja na mkate wake
kwa kuwa semina ya mwaka jana, alisema, tulishindia biskuti.
Jumamosi ya Novemba. Jumba hili la makumbusho, hapa Łódź,
lilikuwa kiwanda cha pamba; matofali yangali yananuka mafuta,
au labda pua ya mwalimu hunusa inachokijua tayari.

Mkufunzi, Kalina, umri wa binti yangu,
alipanga meza kumi na nne, na juu ya kila meza kitu kimoja,
bila maelezo, bila tarehe, bila jina.
"Msinieleze," alisema. "Kiulizeni.
Maswali ishirini kabla ya jibu la kwanza."
Mimi nina miaka ishirini na sita ya majibu.
Nayatema kama mashine ya tiketi za tramu:
mwaka huu, mfalme yule, mkataba ule, fungeni madaftari.
Nikacheka kipuani. Nikaketi.

Ludomir alipata ufunguo usio na kufuli.
Bogumiła alipata kiatu cha mbao, cha mtoto. Akauweka mkate chini.
Mimi nikapata kidaftari, ngozi imepasuka mgongoni,
mwandiko wa Kirusi, safu tatu.

"Elfu moja mia nane tisini na kitu," nikaanza, "zama za..."
Kalina akainua kidole. "Hilo ni jibu."

Basi nikauliza. Kuuliza si ujinga, huwaambia watoto,
kisha kengele hulia kabla hawajaniamini.
Nani aliandika? Alikuwa amekaa au amesimama?
Mbona wino umekolea upande huu?
Mbona Petronela anarudi, Machi, Machi tena, Aprili?
Swali la tisa nilisoma nikiburura kidole chini ya mstari,
kama mtoto wa darasa la pili:
Kuchelewa, kopeki kumi.
Kufungua dirisha, kopeki kumi na tano.
Kucheka, kopeki tano.

Hapo nikakwama.
Kucheka.
Nani alimchekesha?
Mitambo mia mbili inanguruma, mtande umekazwa,
mshindio unakwenda na kurudi, na kurudi,
vumbi la pamba limetua kwenye kope, masikio yamekufa ganzi:
mzaha huo ulisikikaje?
Au ulikuwa sura tu? Suruali ya msimamizi?
Na msimamizi alijuaje kuwa ni kicheko, si kikohozi?
Maana kikohozi kilikuwa bure.

Sikuishia ishirini. Nilifika thelathini na moja.
Wakati wa chai Ludomir alisema huu ni mchezo wa watoto,
mtaala una kurasa mia tatu, mtihani ni Mei,
nani ataulizwa habari za kicheko kwenye mtihani?
Hakukosea. Sikuwa na la kumjibu.
Ila aliyasema hayo akiwa bado ameushika ule ufunguo.

Jumatatu, darasa la nane, kipindi cha kwanza, ukungu madirishani.
Sikuita majina. Niliandika ubaoni mstari mmoja:
KUCHEKA, KOPEKI TANO.
Nikaweka chaki. Nikanyamaza,
kazi ambayo chuoni hawakunifunza, na siijui vizuri.
Dakika nzima. Viganja vikanitoka jasho.
Huko nyuma, penye bomba la joto, Radek akashindwa kujizuia.
"Kopeki tano," nikasema.
Akanyamaza. Wote wakanyamaza.

Kisha Jagna, ambaye tangu Septemba sijaisikia sauti yake,
akainua mkono nusu,
kama mtu anayejaribu dirisha lililopigiliwa misumari:
"Mwalimu, na kwa siku nzima alikuwa akilipwa ngapi?"

"Sijui," nikasema,
nikaliandika swali lake chini ya mstari wangu.
Ubao ulibaki na nafasi nyingi sana.